Uzoefu wangu na karatasi ya gasketi ya kukata mwenyewe

Nina mashine ya kusaga nafaka wilayani Kilosa, inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Ni nakala iliyotengenezwa India ya ile Lister ya nguvu za farasi 6 iliyokuwa ikiundwa Dursley, Uingereza, na huzunguka taratibu, mara 650 kwa dakika. Injini za namna hii haziharibiki ovyo, ila huvuja. Kila ilipovuja mahali pamoja nililazimika kuagiza seti nzima ya gasketi, yaani vile vipande vinavyobanwa kati ya vyuma viwili kuzuia mvujo, kutoka Kariakoo, nikatumia moja na kuacha nyingine zikikauka kabatini. Mwaka jana niliamua kununua karatasi yenyewe, ile ya kahawia inayouzwa kwa mita, pamoja na seti ya panchi za kutobolea, na tangu hapo nimekwisha kukata gasketi kumi na moja kwa mkono wangu.

Karatasi yenyewe ninaisifu. Ni ngumu kiasi, haichaniki kwenye kona nyembamba, na inastahimili oili, dizeli na maji ya kupoozea bila kulainika. Gasketi ya mlango wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ambayo kwangu ilikuwa ikivuja tangu enzi za fundi aliyependa kuijaza silikoni mpaka ikatokeza pande zote kama ugali uliofurika sufuria, sasa ina miezi minane na sakafu chini yake ni kavu. Vilevile nimeitumia kwenye bomba la maji linaloingia chini ya silinda na lile linalotokea juu ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, kurudi kwenye pipa. Yote mawili yametulia.

Seti ya panchi, kinyume chake, sikuiona na thamani ya fedha niliyotoa. Makali yake yalikufa baada ya matundu thelathini hivi, na panchi ya milimita 9, ambayo ndiyo ninayoihitaji zaidi kwa kuwa bolti ya milimita 8 hutaka tundu lililoizidi kidogo, ilipasuka mdomo. Nimerudia njia ya mafundi wa zamani: kipande cha bomba la antena ya redio kwa matundu madogo na kipande cha bomba la chuma kwa makubwa, kila kimoja kikinolewa kwa tupa kuanzia upande wa nje ili ukingo wa ndani ubaki mduara kamili. Ninatobolea juu ya gogo lililokatwa kukingama nyuzi, kwa sababu ubao wa kawaida huacha tundu lenye manyoya.

Katika kuchukua umbo, mafundi wengi huweka karatasi juu ya chuma na kuigongagonga kwa nyundo ukingoni mpaka ikatike. Nilianza hivyo nami. Kwa chuma cha kutupwa kazi hufanyika, lakini kwa kava la aluminiamu nyundo hubonyeza ukingo kidogo kidogo, na vipande vya karatasi hudondokea ndani ya injini bila kuonekana. Siku hizi ninapaka oili chafu kiasi kidogo sana kwenye uso wa chuma uliosafishwa, ninaibandika karatasi na kuikandamiza kwa kiganja, kisha ninaibandua ikiwa na alama ya kila tundu na kila ukingo. Ninatoboa matundu kwanza, ninakata sehemu ya ndani, na mzunguko wa nje ninaumalizia kwa mkasi, kwa kuwa karatasi ambayo bado ni pana haichezi mkononi. Mahali ambapo alama haikutoka vizuri, ninaweka golori ya beringi juu ya tundu na kuigonga mara moja tu, kisha ninapitisha bolti papo hapo ili karatasi isisogee kabla ya tundu linalofuata.

Kasoro kubwa niliyokutana nayo ni unene. Muuzaji aliniambia karatasi ni ya nusu milimita, naye aliipima kwa vidole. Sikuwa na haraka ya kuhakikisha. Nilipofungua silinda kubadilisha ringi za pistoni, nilikuta uso wa chini una mashimo madogo ya kutu, nikajishauri kuweka tabaka mbili ili ziyafunike. Mvujo ulikoma, lakini kuanzia asubuhi iliyofuata injini ikawa ngumu kuwaka, ikitoa moshi mweupe huku vijana wawili wakipokezana hendeli. Nililaumu nozeli inayopulizia dizeli, nikalaumu dizeli. Hatimaye nilipima karatasi kwa venia, kifaa cha kupimia unene, na kukuta ni milimita 0.8, maana yake chini ya silinda nilikuwa nimeweka unene wa milimita 1.6 mahali palipokuwa na gasketi ya nusu milimita. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na ukiongeza nafasi juu ya pistoni unapunguza ubanaji na joto lake. Nilisugua uso wa silinda kwa msasa uliowekwa juu ya kioo, nikakata gasketi nyingine kwa karatasi ya unene sahihi, na kabla ya kuiwasha nikaweka juu ya pistoni vipande vya waya laini wa risasi, ule wa mafundi redio, nikafunga hedi na kuzungusha gurudumu kwa mkono. Unene wa waya uliobanwa ndio nafasi iliyobaki, nao uliporudi kwenye kipimo cha kitabu cha injini, injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Kosa la upande wa pili, yaani kuweka karatasi nyembamba mno hapo, ni baya zaidi, kwani pistoni inaweza kugonga hedi.

Kwa hiyo karatasi hii ninaipa alama nane kwa kumi kwa kazi za oili, maji na mafuta. Isiwekwe kamwe kati ya silinda na hedi wala kwenye paipu ya moshi; itaungua. Anayekata gasketi ya kava la pikipiki aangalie pia vitundu vidogo visivyo vya bolti, kwa sababu baadhi hupitisha oili, na kukisahau kimoja ni kuinyima injini oili. Na mwenye injini kuukuu asikwangue gasketi za zamani zikiwa kavu: nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani, hivyo zilowanishwe kwanza na mabaki yafungwe ndani ya mfuko.

Kipande kilichobaki nimekiviringisha kwa ulegevu ndani ya bomba la plastiki na kukiweka mbali na bati la paa. Kikikauka sana hunywea, na matundu niliyotoboa mapema hayalingani tena na bolti, ingawa kulaza gasketi kwenye kitambaa chenye unyevu kwa usiku mmoja kumenirudishia mbili kati ya tatu. Ile ya tatu ilikuwa imekunjika, na oili ilipita kwenye mkunjo huohuo siku ya kwanza.