Uzoefu Wangu: Filamu 40 za Oscar, Kwa Mfuatano wa Miaka

Mwaka jana niliamua kutazama filamu zote zilizoshinda tuzo ya Oscar ya Filamu Bora kuanzia ile ya kwanza kabisa, bila kuruka hata moja. Ratiba ilikuwa filamu moja kila Ijumaa usiku, na mwenzangu alikuwa mjomba wangu, ambaye hadi leo husema "senema" na ambaye ujanani alikuwa mteja wa kudumu wa kumbi za sinema za Empress na Avalon jijini Dar es Salaam. Tumefika filamu ya 40, ya mwaka 1967, na nadhani nina ya kutosha ya kumweleza anayefikiria kufanya kama sisi.

Nianze na usumbufu. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 kwa ajili ya filamu zilizoonyeshwa kati ya Agosti 1927 na Julai 1928, na kwa miaka kadhaa baadaye hesabu iliendelea kukata mwaka katikati, kwa hiyo utakuta filamu ileile imeandikiwa mwaka huu katika orodha moja na mwaka mwingine katika orodha nyingine. Fuata namba ya sherehe, hutapotea. Huduma ya mtandaoni niliyoilipia haikuwa na filamu nyingi za miaka ya mwanzo, ikanilazimu kununua DVD, na baadhi ya zile ilizokuwa nazo zilikuwa zimevutwa pembeni ili zijaze televisheni pana, hata nyuso za waigizaji zikawa bapa kama chapati. Ukiona hivyo, badilisha kipimo cha picha kiwe 4:3, na usijali ile mistari myeusi itakayobaki kushoto na kulia.

Faida ya kufuata mfuatano niliiona mapema, katika wiki tatu za kwanza. Filamu ya kwanza, Wings, ni filamu bubu kuhusu marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwongozaji wake, William Wellman, alikuwa rubani katika vita hivyohivyo. Alikataa kupiga picha za angani siku ambazo hakukuwa na mawingu, kwa sababu ndege ikiwa mbele ya anga tupu mtazamaji haoni kama inakwenda. Kuna mahali, katika ukumbi wa starehe wa Paris, kamera inapita juu ya meza moja baada ya nyingine, ikipenya katikati ya wapenzi walioketi, mpaka inamfikia kijana aliyelewa akiwa na glasi yake. Ijumaa iliyofuata tukatazama The Broadway Melody, filamu ya kwanza yenye sauti kushinda tuzo hiyo, na kamera ile iliyokuwa ikiruka sasa haikuwa na miguu. Siku hizo kamera zilifungiwa katika vibanda ili mlio wake usiingie kwenye vipaza sauti, na waigizaji nao hawakuweza kwenda mbali na kipaza sauti. Mjomba, ambaye sikuwa nimemweleza lolote, aliuliza, "Mbona wamesimama kama wanapigwa picha ya harusi?" Wiki ya tatu ikaja All Quiet on the Western Front, ya mwaka 1930, na pale kamera ilipoanza kukimbia tena juu ya mahandaki huku bunduki ya rashasha ikisikika, sote wawili tulisogea mbele kwenye viti. Ningeitazama peke yake, nisingejua ni kitu gani kilichokuwa kimerudi.

Si zote zenye ladha. Cimarron na Cavalcade nilizimaliza kwa sababu ya ahadi tu. Pia angalia muda: The Great Ziegfeld ni karibu saa tatu, ilhali Marty ya mwaka 1955, dakika 90 za muuza nyama mpweke wa Bronx, New York, ilinigusa kuliko nyingi zenye majeshi na farasi.

Gone with the Wind, ya mwaka 1939, ndiyo iliyotugawa. Mjomba alisifu rangi zake; mimi nilishindwa kuvumilia jinsi utumwa ulivyopambwa. Hattie McDaniel, aliyeigiza mtumwa wa nyumbani, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, lakini usiku wa tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli moja ya Los Angeles, aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Baada ya hapo, Ijumaa kwa Ijumaa, mtu mweusi alipoonekana aghalabu alikuwa amebeba mizigo au sinia, na ukimtoa mpiga piano wa filamu ya Casablanca, ni wachache waliopewa hata jina la kukumbukwa.

Ndiyo maana filamu ya 40, In the Heat of the Night, ilitufikia kwa uzito ambao nisingeupata kama ningeichagua tu jioni moja. Sidney Poitier ni mpelelezi kutoka Philadelphia aliyekwama katika mji mdogo wa Mississippi. Tajiri wa mashamba ya pamba, wakiwa katika banda lake la maua, anamzaba kibao, na papo hapo Poitier anamrudishia. Mjomba aliomba nirudishe nyuma. Nilirudisha mara tatu.

Ijumaa hii ni zamu ya Oliver!, ya mwaka 1968, ambayo ni ya nyimbo mwanzo hadi mwisho, na mjomba ameshanitaarifu kwamba huenda akachelewa.