Fenda Pana za ZG Kwenye Datsun 240Z: Pima Kabla ya Kutoboa

Hamjambo, karibuni tena gereji, hapa hapa Nakuru. Kelele mnayoisikia ni grenda ya jirani, na hatanyamaza kwa ajili yetu, kwa hivyo tuzoeane naye. Mbele yenu ni Datsun 240Z ya mteja, gari la michezo la Nissan. Bodi imeshanyooshwa, iko kwenye praima ya kijivu, na hapa chini kwenye maboksi ziko fenda nne za faiba za kuongeza upana, muundo wa 240ZG, toleo la Z lenye fenda pana. Swali ni moja: zinastahili pesa yake? Jibu langu ni ndiyo, ila za mbele na za nyuma ni kazi mbili tofauti kabisa. Fundi akikupa bei moja kwa zote nne, mwambie aje alale chini ya gari kwanza, aangalie, ndipo mzungumze.

Kabla sijazigusa, tuondoe mkanganyiko. Hapa kwetu mtu akiona Z yenye fenda pana anapiga kelele, "Safari Rally hiyo!" Hapana. Lile gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller, lililoshinda Safari mwaka 1971, lilikuwa na bodi nyembamba ya kawaida. Fenda za namna hii zilitoka Oktoba mwaka huo huo, kule Japani, pamoja na ile pua ndefu. Nissan waliliuza 240ZG kwao tu, nia yao ikiwa gari liidhinishwe kushindana katika Group 4, daraja mojawapo la magari ya mashindano. Ni vifaa vya mbio za lami. Kama unachotaka ni gari la Safari, pesa yako ipeleke kwenye taa kubwa za mbele na madigadi mazuri ya mpira, uniache na hizi fenda za ZG.

Na ZG nzima usiiote. Gari la mtumba likishazidi miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo sisi tunatafuta Z ambazo zilishakuwa hapa tangu zamani, halafu tunaagiza vipande. Nauli na ushuru? Vikijumlishwa vilikaribia bei ya fenda zenyewe. Tuendelee, nisije nikalia kwenye kamera.

Sasa vipimo, na hapa ndipo wauzaji wanawachezea. 240Z ya kawaida ina upana wa milimita 1630. ZG ni 1690. Toa, gawanya kwa mbili, ni sentimita tatu tu kila upande. Basi. Lakini kuna seti zinazouzwa kwa jina hilo hilo la ZG ambazo zinatoka nje sentimita tano na zaidi. Zinapendeza, sikatai, na ukiwa na rimu pana sana utazihitaji, lakini usiambiwe ni muundo wa kiwandani. Kupima ni rahisi. Fenda zikiwa zimeshikiliwa kwa tepu tu, ning'iniza timazi ukingoni kushoto na nyingine kulia, weka alama sakafuni, upime kati ya alama. Zetu zimeipita 1690 kwa milimita chache. Nimeridhika.

Kamera isogee hapa. Hii ni ya nyuma kushoto. Nachukua sarafu ya shilingi ishirini, nagonga taratibu nikifuata upinde. Sikilizeni: ko, ko, ko... halafu hapa, pu. Mmesikia sauti ilivyobadilika? Kuna hewa chini ya ngozi ya juu, nyuzi hazikushikana na gundi yake. Ukipaka rangi hapo bila kupafungua na kupajaza upya, siku gari likiachwa juani patatumbuka. Kwenye seti nzima nimepata sehemu hii moja. Ya mbele kulia nayo ilifika imejipinda, ncha ya chini ikaacha nafasi ya kupitisha kidole. Tuliifunga kwenye bodi kwa skrubu za muda, tukaipasha moto polepole, ikatulia. Kwa faiba hilo ni la kawaida. Lakini ningekuwa mimi muuzaji, ningefunga boksi vizuri zaidi kuliko hivi.

Haya, kufunga. Fenda za mbele za Z yenyewe, zile za bati, zimefungwa kwa bolti. Ukitoboa vibaya, unafungua, unatafuta nyingine, maisha yanaendelea. Nyuma ni habari nyingine. Pale bodi imechomelewa, tena ina mabati mawili: la nje mnaloliona, na la ndani linalofunika gurudumu, yanakutana ukingoni. Ukitumia rimu pana itabidi ukate ukingo huo, na ukishaukata yale mabati mawili yanaachana. Hapo ndipo kazi ya kijanja inafichwa. Faiba inafunika kila kitu, gari linang'aa, mteja analipa. Mvua ya kwanza barabara ya Njoro, tope linaingia katikati ya mabati na halitoki tena. Kutu inaanzia ndani, wewe huioni mpaka rangi ivimbe.

Fundi wangu wa bodi, mzee ambaye hapendi kuonekana kwenye video, alilipasua bati la ndani vipande vidogo vidogo, akavikunja juu mpaka vikakutana na lile la nje, akachomelea mwanzo mpaka mwisho, kisha praima na silanti. Nilimuuliza kama hangeweza kupaka silanti tu. Akanitazama. "Kijana, hii ni gari au ni dirisha?" Mwisho wa mjadala. Nanyi mkipeleka gari kwa fundi, dai picha ya kazi hiyo kabla faiba haijafungwa.

Kiasi cha kukata usikikisie gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Z ina sasipensheni huru pande zote nne, na gurudumu la nyuma likipanda, sehemu yake ya juu inaegemea ndani kidogo. Ondoa springi, pandisha gurudumu kwa jeki mpaka lifike mwisho wake, ndipo uone linagusa wapi. La mbele fanya vivyo hivyo, huku mtu akikata stelingi kushoto na kulia mpaka mwisho. Gari likirudi chini, pakia watu wazito na gunia la viazi vya Molo, uangalie tena.

Riveti au skrubu? Riveti za alumini ni rahisi, zinakaa haraka, na mimi sizitaki. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Na sisi tunaishi na vumbi la magadi, la ziwa letu hapa na la Elmenteita, ambalo nalo halielewani na alumini. Tumetumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, kila tundu likapakwa praima kabla ya skrubu kuingia. Kati ya faiba na bodi kuna ukanda wa mpira mweusi, usiuache. Unaficha vinafasi, unazuia faiba kusugua rangi. Wale wanaojaza fila kwenye kiungo ili fenda ionekane kipande kimoja na bodi, barabara zetu zitawapasulia mapema sana, na tena hiyo si ZG. Skrubu zinatakiwa zionekane.

Alama zangu: umbo tisa kwa kumi, faiba yenyewe saba, ufungashaji nne na nimewahurumia. Kama bodi yako ya nyuma ina kutu, ahirisha kununua, fedha hiyo imlipe mchomeleaji kwanza.

Kilichobaki ni rangi. Mwenye gari anataka ile maruni iliyoifanya ZG ijulikane. Mzee anasema nyeupe, nayo ilikuwepo kwenye orodha ya kiwanda, tena vumbi la Nakuru halionekani sana juu yake. Mimi niko upande wa mwenye gari, kwa sababu ndiye anayelipa.