Kabureta ya gari la zamani: ununue ipi ukiwa Mbeya au Iringa

Kabla hujatoa hela, fungua boneti, nenda kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ushike ule mhimili wa kipepeo (kibati cha kufungulia njia ya hewa) unaovutwa na pedali ya mafuta, uutikise juu na chini. Ukicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, hewa inapenya pembeni, na utazungusha skrubu mpaka jioni bila silensa (muungurumo wa injini usipokanyaga mafuta) kutulia. Ukiwa imara, anza kukagua pointi na kondensa za umeme wa plagi, na diaframu (utando wa mpira) ya pampu ya mafuta. Nimeshawahi kununua kabureta nzima, kumbe mgonjwa alikuwa kondensa.

Gari langu ni Land Rover Series III ya petroli, lita 2.25, yenye Zenith 36 IV, kwa hiyo mifano mingi itaegemea huko. Mwenye Peugeot 504 ya Solex au Datsun 1200 ya Hitachi bado atanielewa. Kwake mpangilio wa machaguo yangu manne unabadilika kidogo, nami nitasema wapi.

Namba moja, na hapa huwa nabishana na mafundi, ni kutonunua kabureta kabisa. Nunua repea kiti: gasketi, oringi, vali ya sindano (inayozuia petroli bakuli la kabureta likijaa) na diaframu kwa zile zenye nayo. Zenith ina ugonjwa wake unaojulikana popote Land Rover zilipo. Kifuniko cha juu na kile kipande chenye jeti (vitundu vya kupimia petroli) vinapokutana, uso unapinda kwa joto na kwa fundi anayekaza skrubu kwa hasira. Petroli inajipenyeza hapo, gari linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Watu wanaitupa kabureta kwa kosa hilo tu.

Dawa yake unaifanya mezani. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, tandika juu yake msasa wa maji laini, paka uso wa chuma wino wa maka pen, halafu usugue polepole kwa kuzungusha. Penye wino uliobaki ndipo pamebonyea. Endelea mpaka wino uishe kote, osha, weka oringi mpya. Mhimili unaocheza mpelekee fundi wa kukereza vyuma akutengenezee bushi za brasi, na umpelekee na mhimili wenyewe, asipime kwa macho.

Ikiwa bodi ya kabureta imepasuka au nyuzi za skrubu zimekwisha, ndipo tuongelee kununua. Kwa Land Rover, namba mbili yangu ni Weber 34 ICH. Ina mdomo mmoja, ni nyepesi kuifungua, na haili mafuta sana. Utapoteza nguvu kidogo ukilinganisha na Zenith iliyo nzima, na ukiwa na magunia ya viazi kwenye mlima utaligundua hilo. Jeti yake ya silensa ina tundu dogo mno na inaziba kwa uchafu mdogo tu, kwa hiyo weka filta mpya kabla ya kabureta siku hiyo hiyo. Hakikisha umepewa adapta ya kukalia manifoldi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye injini) na kiunganishi cha bomba la hewa. Bila hivyo vitu umenunua pambo la kabatini. Weber halisi za siku hizi hutengenezwa Uhispania.

Namba tatu ni mtumba halisi uliotoka kwenye gari lililokufa. Kwa wenye Peugeot na Datsun hii inapanda kuwa namba mbili. Pitia wauza vyuma chakavu na gereji kongwe za Mwanjelwa kwa Mbeya au Ipogolo kwa Iringa, na ulizia kwa waliowahi kuhudumia magari ya mashamba ya chai Mufindi. Usinunue iliyofungwa. Mwambie muuzaji, "Kaka, nifungulie kifuniko." Toa floti, yaani lile boya, itikise sikioni, ukisikia petroli inacheza ndani, imetoboka. Weka rula kwenye uso wa chini unaokaa kwenye manifoldi, utazame mwanga. Soma maandishi kwenye bodi uyalinganishe na ya kwako, maana kabureta mbili zinaweza kufanana sura zikatofautiana matundu.

Mwisho kabisa naweka kopi mpya, zile zinazong'aa kwenye boksi. Bei inavutia. Kijana wa duka moja aliniambia, "Mzee, hii OG," yaani orijino. Nikamuuliza mbona jeti haina namba. Akacheka, mimi nikanunua hivyo hivyo, na hilo silaumu mtu. Vali ya sindano ilikuwa haifungi. Baada ya siku chache stiki ya oili ikanuka petroli, maana mafuta yalikuwa yanadondokea kwenye injini. Oili ya namna hiyo inaua bearing. Kopi ina matumizi mamoja ninayoyakubali: bodi yake ikiwa nzuri, hamishia ndani yake jeti na vali yako ya zamani.

Sasa jambo ambalo muuzaji wa Dar hatakwambia. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni pungufu kidogo. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, lakini jeti iliyopimwa kwa pwani haipunguzi mafuta kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana kabureta mpya kabisa inatoa moshi mweusi ikifika Uyole, hapa Mbeya. Namba ya jeti kuu kwa kawaida ni kipenyo cha tundu: 135 maana yake milimita 1.35. Kwa huku shuka hatua moja, 135 iwe 130, uendeshe siku mbili, kisha utoe plagi. Rangi ya kahawia iliyofifia ndiyo unayoitaka.

Ile jeti kubwa usiitupe. Ifunge kwenye nailoni, uiweke kwenye droo ya dashibodi. Siku unateremka mlima Kitonga kwenda Dar, hewa inakuwa nzito, na jeti ndogo inaanza kuinyima injini mafuta: inakohoa ukikanyaga, inapata joto kali ukiwa na mzigo. Mimi hubadilishia Mikumi, injini ikishapoa na wavuta sigara wakiwa mbali, kisha narudishia ile ndogo nikiwa njiani kurudi, kabla sijaanza kupanda.