Earl Scruggs na Don Reno: nani apewe sikio?

Ukiuliza mpiga banjo, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya gitaa, wa bluegrass, muziki wa kijadi wa Marekani, jibu ni Earl Scruggs, na anastahili. Lakini Don Reno amepunjwa.

Mwaka 1943 Bill Monroe, baba wa bluegrass, alimtaka Reno kwenye bendi yake. Reno akaenda jeshini, akapigana Burma, huko huko walikopelekwa babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Aliporudi, nafasi ilikuwa ya Scruggs. Reno aliipata 1948, Scruggs alipoondoka.

Sikiliza mikono. Scruggs alitumia gumba, kidole cha shahada na cha kati. Noti humwagika mfululizo kama mvua juu ya bati. Reno alichoka kuambiwa anamwiga Scruggs, akatafuta njia yake: gumba na cha shahada vikipokezana kwenye uzi mmoja, kama mpiga solo wa gitaa. Kila noti inasimama peke yake, kavu, na kosa halina pa kujificha.

Hata ile banjo maarufu ya Scruggs, Gibson Granada, ilikuwa ya Reno, walibadilishana banjo.

Anayejifunza aanze na Scruggs, mkono utulie. Kwa uthubutu wa kubuni, mimi nampa Reno, bila kusita.