Wodi mpya ya hospitali ya kaunti huku Nakuru: jengo nyota tano, huduma ya usiku nyota mbili

Naanza na jengo kwa sababu linastahili sifa. Ni wodi mpya ya hospitali moja ya level 4, yaani ya ngazi ya kaunti ndogo, huku Nakuru, jina naliacha kwa sababu wafanyakazi wake hawana makosa. Tulimlaza shangazi hapo, presha ilikuwa juu na maji yameingia kwa mapafu. Kama unaijua ile wodi ya zamani ya mabati, wagonjwa wawili kitanda kimoja, hii utaipenda tu. Madirisha makubwa, hewa inapita, vyoo viko ndani na vina maji, na kando ya kila kitanda oksijeni inatoka ukutani kwa hivyo hakuna mambo ya kuburuta mtungi kwa korido. Vitanda ni vile vya kuinuliwa upande wa kichwa, shangazi alikuwa analala akiwa ameinuliwa ndio apumue na hiyo peke yake ilimsaidia sana. Malipo pia hayakutusumbua, SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, ilikuwa imelipiwa, alama ya kidole ikasoma, tukaenda. Dawa zingine tulinunua nje.

Sasa usiku. Nesi ni mmoja, wodi ya wanawake na ile ya wanaume ng'ambo ya korido, zote zake, na akiitwa maternity kusaidia anaenda. Kwa ile karatasi ya mgonjwa presha inafaa kupimwa kila masaa manne. Angalia safu ya usiku: saa nne hakuna kitu, saa nane hakuna kitu, halafu saa kumi na mbili asubuhi namba zinaanza tena. Dripu ya shangazi iliisha, damu ikaanza kurudi kwa mrija, nikaita. "Shosho nakuja, wacha nimalize na huyu," nesi alisema, na alikuja kweli, mpole, akaomba pole, lakini alikuwa amechoka mpaka macho yamekuwa mekundu. Huyo dada nampa nyota tano bila kufikiria. Ukilaza mtu hapo hakikisha kuna wa familia wa kukaa naye usiku wakikubali, hiyo naisema kwa dhati kabisa.

Halafu ghorofa ya juu imefungwa kwa kufuli. Kwa kioo cha mlango unaona vitanda, magodoro bado yako kwa nailoni. Mama wa usafi akaniambia hawana manesi wa kuweka huko.

Watu wakisikia hivi wanasema pesa imeliwa. Mimi nasema hata isipoliwa shilingi moja hiyo ghorofa bado ingefungwa, na hapa ndio nataka tusikizane. Afya iko kwa kaunti tangu 2013. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Jengo linatoka kapu la maendeleo, nesi anatoka kapu la mishahara ambalo kwa kaunti nyingi limeshajaa. Kwa hivyo kujenga ni rahisi kuliko kuajiri, jengo unalipa kontrakta mara moja na mambo yameisha, nesi unamlipa kila mwezi mpaka astaafu. Ilishatokea na zile mashine za hospitali serikali kuu ilikodisha 2015, hospitali mbili kila kaunti, zingine zikakaa tu bila kazi kwa sababu hakuna mtaalamu wa kuziendesha ama stima haitoshi.

Sipingi hizo asilimia, bila hizo, pesa yote ingeenda mishahara. Ninachotaka ni mpango wa wodi uandikwe pamoja na mpango wa manesi, karatasi moja, vitanda vingapi, manesi wangapi kwa shifti ya usiku, wanaajiriwa mwaka gani na kwa pesa gani. Kama hakuna jibu, pesa hiyo iende kukarabati ile ya zamani, kuliko kufungua mlango na kuweka kufuli.

Na sisi pia kwa vikao vya bajeti tunainuka tu kuomba majengo, kila wodi ya uchaguzi inataka dispensari yake, MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, anapiga makofi na kuandika. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Watu wa Njoro, Molo, Subukia, Gilgil, mkiitwa nendeni, na hata kama afisa wa afya amesimama na ramani ya jengo la kupendeza, muulizeni swali moja: usiku wodi hii itakuwa na manesi wangapi? Akisema watahamishwa kutoka kwingine, muulize ni hospitali gani inabaki bila.