Uzoefu wangu: boti ya umeme kwenye fiodi kule Norwei

Tangu nirushe zile picha status, watu wa Kibirizi na Mwanga hapa Kigoma mmenijaa inboksi mkiuliza safari ilikuwaje, haya naandika mara moja kwa wote. Nilipanda boti ya umeme kutoka Flåm kwenda Gudvangen, kama masaa mawili hivi, na tiketi bei imechangamka kweli ila sijutii hata kidogo.

Fiodi ni mkono wa bahari, mwembamba na mrefu, umepenya katikati ya milima. Zamani kulikuwa na barafu nzito inateremka bondeni inachimba miaka na miaka, ilipoyeyuka bahari ikaingia. Hii tuliyopita sisi, Nærøyfjord, ina urefu wa kilomita kama 17 na pale inapobana kabisa upana ni mita 250 tu, yani kushoto jiwe kulia jiwe, maporomoko yanashuka membamba kama uzi kutoka juu kabisa. Iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2005.

Kilichonimaliza mimi ni ule ukimya. Sisi boti za kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, tunazijua, injini inanguruma, harufu ya petroli, ukitaka kuongea na mwenzako lazima upaze sauti. Hii inateleza tu, tulipokaribia kijiji cha Undredal nikasikia kengele za mbuzi kutoka nchi kavu! (Hapo wanatengeneza jibini ya kahawia ya maziwa ya mbuzi, ina kautamu, mkipita onjeni.)

Niliporudi nikamwonyesha video baba mdogo, yeye ni nahodha, milima wala hakuijali, akauliza "kina chake?" Nikamwambia Sognefjord, ile kubwa ambayo hii ni tawi lake, inafika mita 1,308. Akasema basi Ziwa Tanganyika bado halijapitwa, na kweli letu linafika mita 1,470. Halafu akauliza umeme wanautoa wapi, na hapo ndo penyewe. Gudvangen ni kakijiji, umeme wake hauwezi kubeba boti kubwa kwa mkupuo, kwa hiyo wameweka gati linaloelea limejaa betri, linachaji polepole siku nzima, boti ikifika inavuta dakika kama 20 inaondoka. Sisi tulioishi na majenereta ya dizeli mjini hapa miaka yote ile hili tunalielewa haraka.

Baba mdogo anasema fiodi imekingwa na milima, kwetu upepo wa kusini ukiamka mawimbi yatamaliza betri njiani. Ana hoja. Ila Kibirizi mpaka Gombe siku ziwa likiwa shwari mimi naona inawezekana kabisa, na wageni wa sokwe wataipenda.

Mkienda vaeni nguo nzito hata kama ni kiangazi chao, na msikae ndani, kaeni sitahani. Sisi mawingu yalikaa chini nusu ya njia vilele hatukuviona, kwa hiyo natoa nyota nne. Nikijaliwa narudi mwezi wa tano, theluji inapoyeyuka maporomoko yanakuwa yamejaa.