Kamera ya droni inasumbua? Ngoja kwanza, usikimbilie kubadilisha

Aloo wadau, Mtwara kuchele! Karibuni tena. Leo sifungui boksi la kitu kipya, nina hizi droni mbili hapa mezani, moja imekuja na basi kutoka Lindi mjini, nyingine ya jamaa wa hapahapa Magomeni, na zote zimeletwa na maneno yaleyale, "kaka kamera imekufa". Na wenyewe washaambiwa huko wabadilishe kamera nzima. Msiniulize ni za kampuni gani maana ntakayoyasema leo yanagusa karibu droni zote ndogo hizi za gramu 249 ambazo maharusi wote wa Kusini siku hizi wanapigiwa nazo.

Msimamo wangu nauweka mapema kabisa ili mwenye bando dogo aondoke nao: kamera yenyewe, yaani lenzi na sensa (kile kidude cha ndani kinachonasa picha), ni kitu cha mwisho kufa. Kabla yake kinakufa kadi, waya wa simu, propela, gimbali (kile kishikio chenye vimota kinachoituliza kamera) inajaa mchanga, halafu lawama zote anabeba kamera.

Sasa swali la kwanza kabisa kabla hujashika bisibisi. Ubovu unauona wapi, kwenye simu au kwenye kadi? Hapa ndio watu wanapigwa hela. Ile picha unayoiona kwenye simu droni ikiwa juu sio video unayorekodi, ile ni picha nyepesi imepunguzwa ubora ili irushwe hewani ifike haraka kwenye rimoti, video yako ya 4K inaandikwa kwenye kadi hukohuko juu. Kwa hiyo simu ikiganda, ikikatakata, ikiwa nyeusi kabisa, wewe shusha droni taratibu, chomoa kadi, weka kwenye kompyuta, cheza. Ikiwa safi basi kamera yako ni nzima, mgonjwa ni mwingine.

Na kuna hii nyingine naiona sana kwa vijana wa harusi: apu inabakiza kopi ndogo ya video ndani ya simu kwa ajili ya kuangalia harakaharaka, mtu anachukua hiyohiyo anamrushia bwana harusi WhatsApp, WhatsApp nayo inaibana tena, halafu anakuja kwangu eti kamera ina ukungu. Hamna ukungu hapo mwanangu, chukua faili la kwenye kadi. Na hilo la kwenye kadi likirukaruka kwenye simu yako ya zamani usishtuke, video nyingi za siku hizi zimefungwa kwa H.265, yaani namna ya kubana video isichukue nafasi kubwa, na simu au kompyuta dhaifu inazidiwa kuicheza, ijaribu kwenye mashine nyingine kwanza.

Kama shida iko kwenye simu tu, badilisha waya, ule mfupi wa rimoti unakatika ndani bila kuonekana nje. Funga apu zingine. Usiache simu juani mchana wa saa saba, ikipata moto inapunguza nguvu yenyewe. Halafu ingia kwenye mipangilio ya mawasiliano, kama uko masafa ya GHz 5.8 hamia 2.4 au kinyume chake, katikati ya mji kwenye Wi-Fi za kila nyumba 2.4 inajaa, ukiwa porini au kuna miti ya kukatiza 2.4 ndio inapenya vizuri. Nimemaliza hapo, tusikae sana.

Haya, ya Lindi. Dogo sogeza taa hapa. Huyu video zake zinajikata zenyewe baada ya sekunde kadhaa, na zingine hazifunguki. Mimi sikuigusa kamera kabisa, nimetoa kadi. Mnaiona? Imeandikwa GB 256, maandishi makubwa yanang'aa, lakini hapa pembeni kwenye alama za kasi hakuna V30, hakuna ile U yenye 3 ndani, ipo namba 10 tu kwenye duara. Ile 10 maana yake kadi inahakikisha megabaiti 10 kwa sekunde. Droni ikirekodi 4K kwa megabiti 100 ni megabaiti 12 na nusu kila sekunde, gawanya 100 kwa 8 utaipata mwenyewe. Sasa kadi inameza 10 unailisha 12 na nusu, itafika mahali inatapika, video inakatika. Nunua V30, hiyo inahakikisha megabaiti 30, unabaki na nafasi ya kupumua.

Lakini hii ina dhambi ya pili. Nimeiweka kwenye kompyuta nikairunia H2testw, ni programu ya bure ya Windows, inajaza kadi mpaka mwisho halafu inasoma ilichoandika. Kadi ni feki wadau. Nafasi ya kweli ni ndogo kuliko ilivyoandikwa, ikijaa inaanza kuandika juu ya vya zamani au inapoteza, na droni haijui, inaendelea kukuonyesha dakika zimebaki kibao. Harusi ya watu imeenda hivyo. Kadi mpya yoyote, hata umenunua dukani kwa bei ya heshima, ipime kabla ya kuipeleka kazini, halafu ifomati ndani ya droni yenyewe sio kwenye simu wala kompyuta. Na ukimaliza kurekodi bonyeza stop, subiri, ndio uzime. Ukichomoa betri wakati bado inarekodi faili linabaki halijafungwa, ikikutokea usifomati! Rudisha kadi kwenye droni, washa, iache kidogo, droni nyingine zinalitengeneza zenyewe.

Hii ya Magomeni ndio tamu. Naiwasha hapahapa mezani, propela nimetoa, na nyie kabla hujaiwasha hakikisha umetoa kile kishikizo cha plastiki cha kamera, kuna watu wanawasha nacho kimevaa, mota za gimbali zinasukuma ukuta mpaka zinachemka. Angalieni kamera. Ikiwa nzima inatakiwa iinuke, ipige kushoto, ipige kulia, itulie inatazama mbele, kimya. Hii ona... inainuka... inapiga kushoto vizuri... kulia, kulia, oohh, mnasikia huo mngurumo? Inatetemeka inadondosha kichwa. Na kwenye simu imeandika gimbali imezidiwa. Sasa nazima, betri natoa, naishika kamera kwa vidole viwili naizungusha polepole kila upande. Juu chini laini. Huku na huku, laini. Nikija huku kulala upande, kuna kitu kinakwaruza, krrk krrk. Huo ni mchanga, na mwenyewe kaniambia ameirusha Msimbati pale ufukweni, kaiweka chini kwenye mchanga akawasha. Ile propela ikianza tu inapuliza mchanga wote unakwenda wapi? Kwenye kamera, maana kwenye hizi droni kamera inaning'inia karibu na ardhi kabisa. Rushia juu ya mkeka au juu ya boksi.

Mchanga huu nautoa kwa puliza ya mkono, ile mpira ya kubonyeza, na brashi laini. Sio kupuliza kwa mdomo, mdomo una mate. Sio mashine ya upepo ya gereji, utachana ule utepe mwembamba wa nyuma ya gimbali unaopitisha picha na umeme, na huo ukichanika hapo ndio utakuwa umeiua kweli. Na WD-40 iacheni kwenye bawaba za milango jamani.

Tukiwa hapohapo pwani, chumvi. Upepo wa kusi ukikaza, pale Shangani au Mikindani unapata mnyunyizo hata kama droni haijagusa maji, ukirudi nyumbani lenzi ina vidoti vyeupe na picha yote imekuwa kama ina maziwa, jua likiwa mbele ndio basi kabisa. Usifute kavu! Chumvi ni punje, unakwangua kioo. Kwanza puliza, halafu kitambaa laini cha miwani kimelowa kidogo na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari yanafaa, soma chupa vizuri usije ukabebeshwa asidi, halafu ndio umalizie na upande mkavu. Futa na mwili pia, chumvi ikibaki inavuta unyevu usiku kucha na kutu inaanza kwenye vimota. Na wanaorusha kwenye korosho msimu wa kupuliza salfa, ule unga wa njano unakaa hadi kwenye vidude vya mpira nyuma ya kamera, subirini wapulizaji wamalize shamba ndio mpige picha zenu.

Ukungu wa ndani ya lenzi ni habari nyingine, mara nyingi umetoa droni chumba cha AC umeitoa nje kwenye joto letu hili. Iache ndani ya begi lake nusu saa izoee, na weka vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Sasa ile picha inayocheza kama jeli. Wengi wanadhani gimbali. Angalia propela kwanza, pitisha ukucha kwenye ukingo wake, ukihisi kajino kamoja tu badilisha, mtetemo unaanzia hapo. Halafu angalia vile vimpira vinavyobeba kamera kama kimoja hakijachomoka tundu lake. Na jua letu la saa sita, shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, inakimbilia 1/1000 ya sekunde yenyewe, kila fremu inakuwa kali kama kisu na mtetemo mdogo unaonekana wote. Hapo unahitaji filta ya ND, kile kioo cheusi cha kuvalisha lenzi kupunguza mwanga. ND16 inapitisha sehemu 1 ya 16 ya mwanga, kwa hiyo 1/1000 inashuka mpaka karibu 1/60, na kama unarekodi fremu 30 kwa sekunde hapo ndio mahali pake. Ila nunua filta iliyotengenezwa kwa droni yako, ya kulazimisha inakuwa nzito na gimbali inalalamika kama hii ya jamaa.

Bahari imelala upande? Hiyo kalibresheni tu, yaani kuipangia gimbali usawa wake upya, weka droni meza iliyonyooka, mipangilio, gimbali, kalibresheni, usiiguse mpaka imalize. Upepo wa ubavuni ukiwa mkali italala kidogo hata ikiwa nzima, usiitukane. Na kama kitu cha karibu hakikamati, uso wa mtu nusu mita mbele, kumbuka droni ndogo kama Mini 2 fokasi yake imefungwa kuanzia mita 1 kwenda mbali, haijaharibika, rudi nyuma.

Sasa lini kamera imekufa kweli? Faili la kwenye kadi lina mistari ya zambarau au kijani kila ukirekodi, kadi nzuri umejaribu, programu ya droni umeapdeti, bado. Au picha inakatika kila gimbali ikigeuka upande fulani, hiyo utepe. Mwambie fundi abadilishe utepe peke yake kwanza, ni bei rahisi mara nyingi kuliko kamera nzima, na muulize kabla hajafungua kama ana namna ya kuikalibreti upya akishafunga, akikukodolea macho chukua chombo chako.

Kujaribia nje, kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, uwe nacho na ukae mbali na uwanja wa ndege, hilo tulishaongea video nyingine.

Mwisho kwa wanaonunua za mkononi, maana komenti zimejaa hilo. Nenda na kadi yako mwenyewe V30, mwambie aiwashe mezani mbele yako, sikiliza ile kuinuka, kushoto, kulia, kutulia. Rekodi dakika tano, fungua faili palepale. Zungusha gimbali kwa vidole ikiwa imezimwa. Na akikwambia betri haina chaji leo, njoo kesho na hela, basi panda bodaboda urudi zako.